Kitambi na majibu ya maabara: jinsi ya kujipima, kutoa damu na kusoma karatasi yako

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nina kitambi, nipime nini?" "Wamesema kolesteroli iko sawa, kwa hiyo niko salama?" "Sukari yangu 5.6, nzuri au mbaya?" Nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa ndani wa dirisha la maabara, pale watu wanapopokelea karatasi zao, na haya nimeshayajibu dirishani, kwenye simu, hata kwenye ngazi nikiwa natoka. Sasa nayaandika mara moja.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza: hakuna kipimo cha damu kinachopima kitambi. Kitambi kinapimwa kwa futi. Kazi ya damu ni kukueleza hicho kitambi kinafanya nini humo ndani. Ukiwa na futi bila damu unajua ukubwa wa mzigo tu. Ukiwa na damu bila futi una namba zisizo na mwenyewe. Viandikwe ukurasa mmoja, visomwe pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima. Mjamzito na mtoto wana viwango vyao, wasitumie namba za hapa. Na ukishasoma karatasi yako, uamuzi wa dawa ni wa daktari.

Nadharia, kidogo tu

Mafuta ya tumboni ni ya aina mbili. Yapo yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole. Yapo na ya ndani, yanayozunguka utumbo na kulizonga ini. Hayo ya pili ndiyo yenye matata: huachia asidi za mafuta kwa wingi, ini linalemewa, linaanza kutengeneza triglisaridi (aina ya mafuta yanayosafiri kwenye damu) na kuzimwaga humo. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, nayo inaanza kupuuzwa, ikibisha hodi seli hazifungui, na kongosho linazidi kuitengeneza ili sukari isipande. HDL, ile kolesteroli nzuri, inashuka. Haya hutokea kwa pamoja, ndiyo maana tunatafuta namba zinazotembea kwa kundi badala ya namba moja mbaya.

Si habari mpya. Daktari Mfaransa Jean Vague aliandika mwaka 1947 kwamba unene wa sehemu ya juu ya mwili unaandamana na kisukari kuliko ule wa mapajani na nyonga. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani akaunganisha insulini inayopuuzwa, triglisaridi, HDL na presha katika picha moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Futi laini ya kupimia nguo, isiyovutika. Ya mpira iliyochoka inadanganya.
- Urefu wako kwa sentimita, uliopimwa ukiwa huna viatu.
- Mashine ya presha ya mkononi, au mahali pa kupimiwa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya lishe na mitishamba. Usichague ya kusema na ya kuficha.
- Majibu ya zamani, hata ya miaka mitano nyuma. Ni mali.
- Daftari, au ukurasa mmoja kwenye simu.

Vipimo vya kuomba: sukari ya kufunga, HbA1c (picha ya sukari ya miezi miwili mitatu), lipidi kamili, yaani mafuta ya damu (kolesteroli jumla, HDL, LDL ambayo ndiyo kolesteroli mbaya, na triglisaridi), ALT na AST za ini, kreatinini ya figo, na picha kamili ya damu. Hapo umemaliza ya msingi.

Mfuko ukiruhusu na daktari akiona sababu, kuna insulini ya kufunga, ApoB (huhesabu chembe zinazobeba mafuta), asidi ya yuriki na hs-CRP (alama ya uvimbe mwilini). Leptini na adiponektini, homoni zinazotoka kwenye mafuta, ziache. Kitaalamu zina maana: leptini hupanda mafuta yakiongezeka, adiponektini hushuka mafuta ya ndani yakizidi. Lakini hakuna kiwango kilichokubalika cha kumwambia mtu mmoja mmoja "wewe uko hapa", na fedha hiyo ni bora uitunzie kurudia vipimo vya msingi miezi mitatu baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Pima kiuno, na kipime sawasawa.

Simama wima, miguu imeachana kidogo, nguo imepandishwa. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini, kisha tafuta mfupa wa nyonga juu, pale unaposhika mkono kiunoni ukiwa umekasirika. Katikati ya hizo alama mbili ndipo futi inapopita. Izungushe iwe sambamba na sakafu, mgongoni isiteremke. Pumua, toa pumzi ya kawaida, soma. Futi iguse ngozi bila kuibana. Rudia mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu.

Kosa la kwanza ni kubana tumbo. Sijui kwa nini, lakini mtu akiiona futi tu tumbo linaingia lenyewe. Kosa la pili ni kutumia namba ya suruali. Mwanamume anaweza kuvaa saizi ile ile miaka 10 huku kitambi kinakua, kwa sababu mkanda umeshashuka chini ya tumbo.

Sasa viwango. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka mwaka 2005 sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kwa watu wenye asili ya Ulaya, na likasema wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara watumie hizo hizo hadi takwimu zao zipatikane. Kwa mwanamume mwenye asili ya Asia Kusini au China ni 90. Ukikutana na 102 na 88, ni mpaka wa Marekani wa mwaka 2001, ambao ni mlegevu zaidi.

Hesabu rahisi kuliko zote: gawa kiuno kwa urefu. Chini ya 0.5 ni vizuri, 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea ni hatari kubwa. Hata futi usipokuwa nayo, kamba iliyokatwa kwa urefu wako na kukunjwa katikati ibaki nusu ikishindwa kuzunguka kiuno, jibu umelipata.

2. Pima presha.

Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Nusu saa kabla yake usivute sigara wala kunywa kahawa. Chukua vipimo viwili vilivyoachana dakika moja au mbili, andika vyote. Mkono mnene unahitaji kitambaa kikubwa cha kufungia. Kidogo hupandisha namba bure.

3. Jiandae kwa kutoa damu.

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia, na maabara hulaumiwa bure.

Funga kula kwa muda wa saa 8 hadi 12. Maji ruksa, tena kunywa, mshipa utaonekana. Chai, kahawa na ubani wa kutafuna viache hata kama havina sukari. Usipitilize: wapo wanaofunga saa 18 wakidhani majibu yatakuwa masafi zaidi. Mwili ukikaa muda mrefu bila chakula unaanza kujitafutia njia nyingine, na namba zinayumba.

Pombe iache siku mbili au tatu kabla, maana hupandisha triglisaridi waziwazi. Mazoezi mazito yaache siku mbili pia: misuli iliyochoka huachia AST na hata ALT, ukaambiwa ini lina shida kumbe ni miguu ya jana. Chakula cha siku tatu za mwisho kiwe kile unachokula siku zote. Anayejinyima ghafla wiki moja kabla ya kipimo anaipima wiki hiyo, si maisha yake.

Ukiwa na homa, mafua makali, jino linalouma au kidonda chenye usaha, ahirisha. Uvimbe unaoletwa na maradhi hayo hushusha HDL na LDL, hupandisha CRP na unaweza kupandisha sukari. Subiri upone, uongeze wiki chache.

Dawa zako usiziache. Steroidi hupandisha sukari, baadhi ya dawa za presha na za ARV hugusa mafuta na sukari, lakini kuziacha kwa ajili ya karatasi ni kucheza na maisha. Ziandike tu. Metformini na dawa nyingine za sukari, muulize daktari asubuhi hiyo uzimeze saa ngapi.

4. Siku yenyewe, dirishani.

Toa damu asubuhi. Sema saa uliyokula mara ya mwisho, na iandikwe kwenye fomu.

Angalia tyubu. Mara nyingi HbA1c na picha kamili ya damu huingia kwenye yenye kifuniko cha zambarau, lipidi na ini kwenye nyekundu au ya njano, sukari kwenye ya kijivu. Hiyo ya kijivu ina dawa ya kuzuia chembe za damu zisiile sukari iliyomo. Isipokuwepo, na damu ikakaa bila kuzungushwa kwenye mashine, sukari hupungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu mwenye 6.2 ya kweli, damu yake ikisahaulika mezani kwa saa tatu, atapewa 5.2 hivi na atarudi nyumbani akifurahi. Kwa hiyo swali la "sampuli ya sukari itapimwa saa ngapi?" si la kijeuri. Uliza.

Kuna kitu natamani kila mwenye kitambi akione mara moja. Damu ikishazungushwa, chembe hukaa chini na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu, unaweza kusoma maandishi ukiyatazama kupitia hayo. Kwa mtu ambaye triglisaridi zimepanda sana, maji hayo ni meupe kama maziwa. Huoni upande wa pili. Hakuna hotuba inayomfikia mtu kama tyubu hiyo.

5. Hamishia majibu daftarini pamoja na vizio.

Usiandike "sukari 5.6". Andika "sukari ya kufunga 5.6 mmol/L". Nimeona ugomvi wa mume na mke uliotokana na hili tu: mmoja ana HbA1c 5.6, ambayo ni asilimia, mwingine ana sukari ya 5.6 mmol/L, wakajiona wako sawa. Hawako sawa. Ni vipimo viwili tofauti vilivyoangukia namba moja.

Ukitaka kubadilisha mmol/L kuwa mg/dL: sukari zidisha kwa 18, kolesteroli zote (pamoja na HDL na LDL) zidisha kwa 38.7, triglisaridi zidisha kwa 88.5. Kosa la kawaida ni kutumia 38.7 kwenye triglisaridi.

6. Hesabu alama tano.

Kwa makubaliano ya mashirika makubwa ya mwaka 2009, mwenye tatu kati ya hizi tano ana kile madaktari wanachokiita sindromu ya kimetaboliki:

- kiuno kimevuka mpaka wako;
- triglisaridi 1.7 mmol/L (150 mg/dL) au zaidi;
- HDL chini ya 1.0 (40 mg/dL) kwa mwanamume, chini ya 1.3 (50 mg/dL) kwa mwanamke;
- presha 130 juu au 85 chini, au zaidi, moja ikitosha;
- sukari ya kufunga 5.6 mmol/L (100 mg/dL) au zaidi.

Anayetumia dawa ya presha anahesabiwa alama hiyo hata kama leo presha imetulia. Vivyo hivyo kwa sukari na kwa dawa zinazotibu triglisaridi au HDL. Watu hulikwepa hili sana.

Tuchukue karatasi ya mfano. Mwanamume wa miaka 43, urefu 170, kiuno 101. Kolesteroli jumla 4.9, HDL 0.9, triglisaridi 2.4, sukari 5.9, zote kwa mmol/L. HbA1c 5.6%. Presha 128/82. Akiulizwa, anajibu: "Kolesteroli iko sawa, kipimo cha miezi mitatu kiko sawa." Ni kweli, vyote viwili haviko kwenye wino mwekundu. Lakini kiuno kimevuka, triglisaridi zimevuka, HDL iko chini, sukari imevuka. Ana nne kati ya tano. Kiuno kwa urefu ni 0.59. Huyo ndiye ninayemwandikia mwongozo huu.

7. Tazama triglisaridi na HDL kama pacha.

Ukiwa na muda wa kusoma mistari miwili tu ya karatasi, soma hii. Triglisaridi zikipanda huku HDL ikishuka, na kiuno ni kipana, uwezekano mkubwa mafuta yameshaingia ndani na insulini imeanza kupuuzwa. Watafiti wa Québec, Kanada, walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa wanaume, kiuno cha sentimita 90 au zaidi pamoja na triglisaridi za 2.0 mmol/L au zaidi vinawabaini wengi wenye hatari ya moyo ambayo vipimo vya kawaida huipita.

Kuna tahadhari ambayo wengi hawaambiwi. Watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara mara nyingi triglisaridi zao hubaki chini hata insulini ikiwa imeshaanza kupuuzwa. Kwa hiyo zikiwa juu, ni ishara. Zikiwa chini, hazikutoi hatiani. Hapo kiuno, sukari na presha vipewe uzito zaidi.

Halafu toa HDL kwenye kolesteroli jumla. Kwa yule wa mfano: 4.9 toa 0.9, inabaki 4.0. Hiyo inabeba kolesteroli yote inayoweza kuziba mishipa, na kwa mwenye kitambi ina maana kuliko LDL peke yake. ApoB inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa inahesabu chembe zenyewe zinazobeba mafuta.

8. Soma sukari, HbA1c na insulini kwa mpangilio.

Sukari ya kufunga: 7.0 mmol/L au zaidi ni kiwango cha kisukari. Chini yake kuna eneo la hadhari, na hapo wakubwa hawajapatana: Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanzia 5.6, Shirika la Afya Duniani 6.1. Ndiyo sababu karatasi hiyo hiyo yaweza kuitwa "kawaida" huku na "hadhari" kule.

HbA1c: kwa kipimo cha Marekani, chini ya 5.7% ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 hadhari, 6.5 na zaidi ni kisukari. Inasoma sukari iliyonasa kwenye hemoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, inakupa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Asiye na dalili hatangazwi kuwa na kisukari kwa kipimo kimoja. Kinarudiwa, au vipimo viwili tofauti vikubaliane.

Insulini ya kufunga, kama umeipima, zidisha kwa sukari ya mmol/L kisha gawa kwa 22.5. Hiyo ndiyo HOMA-IR, hesabu iliyotoka Oxford mwaka 1985. Mtu wetu angekuwa na insulini 16 (kwa µU/mL), angepata 4.2, na hiyo ni juu kwa vipimo vya wengi. Lakini mashine za insulini hazifanani, mpaka hutofautiana kati ya maabara na kati ya watu. Itumie kujilinganisha na wewe mwenyewe, maabara ile ile.

9. Usiliruke ini.

Ini lenye mafuta halina maumivu. ALT iliyopanda kidogo kwa mwenye kitambi ni sababu ya kuuliza, na ALT ya kawaida haimaanishi mafuta hayapo. Swali la maana zaidi ni kama ini limeanza kupata makovu. Hesabu ya FIB-4 husaidia: umri mara AST, gawa kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu, zimo kwenye picha kamili ya damu) zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Umri 43, AST 34, ALT 52, chembe sahani 240: inatoka 0.84. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Juu ya 2.67 muone mtaalamu wa ini. Katikati, kuna vipimo vya kuendelea navyo. Haiaminiki sana chini ya miaka 35, na kwa aliyevuka 65 mpaka wa chini ni 2.0.

Yuriki na hs-CRP napita haraka. Yuriki hupanda pamoja na kundi hili na huleta jongo. hs-CRP chini ya 1 mg/L ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 kubwa. Ikivuka 10 itupe, una maambukizi au jeraha mahali, rudia ukipona.

10. Rudia kwa wakati wake.

HbA1c usiirudie kabla ya miezi mitatu, utajiumiza roho bure. Triglisaridi hubadilika ndani ya wiki chache, na hata usipofanya lolote huyumba kiasi cha moja ya tano kutoka siku hadi siku, kwa hiyo 1.6 na 1.9 zaweza kuwa mtu yule yule. Kiuno pima kila wiki mbili, asubuhi, kabla ya kula. Tumia maabara ile ile.

Ukiuliza inabidi upungue kiasi gani: katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliotolewa Marekani mwaka 2002, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliowekwa kwenye mpango huo walipata kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko wasiokuwemo. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 6 na kidogo.

Usisubiri hatua yoyote kama

Una kiu isiyokatika, unakojoa sana, unatapika au unachanganyikiwa, na sukari iko juu: nenda hospitali leo. Triglisaridi zikivuka 11.3 mmol/L (1,000 mg/dL), muone daktari haraka hata kama hujisikii vibaya, maana kongosho linaweza kuvimba. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni ya dharura.

Mambo yakigoma

*Sukari ya kufunga iko juu lakini HbA1c ni ya kawaida.* Huenda hukulala, ulikuwa na wasiwasi au homa, au ni homoni za alfajiri zinazosukuma sukari. Au HbA1c ndiyo inayodanganya. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c kabisa. Aliyebeba kinasaba kimoja tu inaweza kusomeka chini kuliko ukweli. Aliyetoka damu nyingi au kuongezewa damu karibuni pia. Angalia picha kamili ya damu, ndiyo sababu niliiweka kwenye orodha.

*HbA1c iko juu, sukari ya kufunga ni safi.* Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Au sukari yako hupanda baada ya kula na kushuka kufikia asubuhi. Omba kipimo cha kunywa glukosi, kinachosomwa baada ya saa mbili.

*Karatasi haina LDL.* Mara nyingi LDL haipimwi, inakokotolewa kutoka namba nyingine kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, na triglisaridi zikivuka 4.5 mmol/L kanuni hiyo haifai. Hawajakuibia. Omba LDL ya moja kwa moja au ApoB.

*Kiuno chembamba, damu mbaya.* Wapo. Uliza kuhusu tezi ya shingo, figo, pombe, dawa, na mafuta ya kurithi ya ukoo.

*Kiuno kipana, damu safi.* Furahi, lakini usifunge daftari. Rudia baada ya mwaka.

*ALT iko juu.* Kabla hujalaumu kitambi, homa ya ini B na C zipimwe. Kuna watu waliambiwa "ni mafuta tu" wakaridhika.

*Nimepungua kiuno, HDL nayo imeshuka.* Hutokea uzito ukiwa bado unashuka. Subiri utulie, pima tena. Ikiwa LDL ndiyo iliyoruka baada ya kuacha wanga kabisa, mwonyeshe daktari, usisubiri ishuke yenyewe.

*Maabara mbili, majibu mawili.* Kwanza vizio. Kisha saa ya kula. Kisha sampuli ilikaa muda gani. Ukimaliza hayo matatu, tofauti nyingi zinakuwa zimeshajieleza.

*Nimejisahau nikanywa chai asubuhi.* Sema kabla ya sindano, si baada. HbA1c, kreatinini na vipimo vya ini vichukuliwe, chai havina habari nayo. Lipidi pia zinaweza kupimwa, ila fomu iandikwe kwamba umekula, na hapo mpaka wa triglisaridi unakuwa 2.0 mmol/L. Sukari ya kufunga na insulini tu ndizo zitakazosubiri kesho.